Fukwe Nne na Ukuta Mmoja

Mganga hajigangi, na fundi mwashi hajijengei. Kama huamini, ungekwenda ukaiona nyumba ya Timazi. Nje matofali matupu, ndani matofali matupu, na sebuleni ukuta mmoja uliopigwa plasta hadi usawa wa kifua halafu ukaachwa hivyo, kama mtu aliyevaa suruali akasahau shati. Plasta ile ilikomea pale siku mteja mmoja alipogonga mlango akilia kwamba ukuta wake umepasuka. Timazi aliosha mwiko, akamwambia mkewe, "Hii nitaimalizia kesho." Wakati huo binti yao alikuwa hajaota meno. Sasa binti ni mtu mzima, anafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni katika mji wa pwani, na plasta bado iko kifuani.

Si kwamba alikuwa mvivu. Laiti angekuwa mvivu, mkewe angejua la kumwambia. Tatizo la Timazi ni kwamba aliitwa akaitika. Wateja walipata leo, mkewe alipata kesho. Jina lenyewe alipewa kwa sababu ya kile kitu kisichomtoka mfukoni, uzi wenye kipande cha shaba mwishoni, ambacho mafundi hukining'iniza kando ya ukuta ili waone kama umesimama wima. Akiingia kwenye nyumba ya watu, hata kama ni msibani, macho yake yalikagua pembe za kuta kwanza ndipo akawapa wafiwa pole.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Wanafunzi walimwita Mama Jikoni, na maneno aliyoyasikia huko zaidi kuliko yote ni "Mama Jikoni, bado?" Asubuhi bado, mchana bado, jioni bado. Akitoka huko anarudi kwenye nyumba isiyo na pa kuegemea, maana tofali tupu hukukwaruza mgongo na kukuachia vumbi jekundu kwenye nguo. Akazoea kukaa kwenye kigoda, mgongo hewani. Alipostaafu, shule ilimzawadia saa ya ukutani. Aliizungushia macho sebule yake yote, akashusha pumzi, akaisukuma ile saa chini ya kitanda.

Binti aliposikia mama amestaafu, aliwaalika wote wawili kwa wiki nzima. Alisema mji ule una fukwe tatu zinazojulikana, kwa hiyo waje wapumzike, mama achague atakaoupenda.

Timazi alifunga nguo zake kwenye mfuko mdogo, timazi ikabaki mfukoni mwa koti. Mkewe alitoa begi kubwa. Akatia nguo zote, akatia blanketi, akatia sufuria yake ya chai. Mwisho akapiga magoti, akaitoa ile saa chini ya kitanda, akaitia nayo.

"Mama watoto, likizo ya wiki moja unakwenda na saa ya ukutani?"

"Binti ana chumba cha pili," mkewe alisema. "Kuta zake laini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nisikufiche, baba watoto. Nakwenda kuangalia. Nikipata mahali nikakaa, mgongo ukatulia, huenda nisirudi na wewe. Sina ugomvi na mtu. Nimechoka tu."

Alisema kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu kwamba maji yamechemka. Timazi angefokewa angejitetea, lakini mtu aliyechoka utamjibu nini?

"Tukirudi nitaimalizia ile plasta," alisema.

Mkewe alicheka. Hakucheka kwa kejeli, alicheka kwa moyo wote kama aliyesikia kichekesho kizuri, na hicho ndicho kilichomchoma Timazi njia nzima.

Ufukwe wa kwanza ulikuwa ule mkubwa wa mjini, ambao picha zake ziko kwenye kila kalenda. Watu tele, mipira inaruka, redio zinashindana. Timazi hata bahari hakuitazama. Aliinama, akachota mchanga, akaufinya, akafungua kiganja, akakunja uso.

"Laini mno huu. Hata kwa plasta ya choo haufai."

"Baba, watu wanakuja hapa kuogelea," binti alisema.

"Waogelee. Mimi nasema tu wasijenge."

Mama Jikoni alikodi kiti cha plastiki, akakaa. Hajakaa vizuri, akaja muuza maji. "Mama, maji baridi?" Akaja mpiga picha. "Mama, picha moja ya ukumbusho?" Akaja wa kofia, wa miwani, wa kusuka nywele, kila mmoja na "mama" yake. Alivumilia, akatabasamu, akashukuru, mwisho akasimama na kukung'uta sketi.

"Hapa ni jikoni tu," alisema, "ila kuna upepo."

Wa pili ulikuwa wa hoteli kubwa. Mlinzi aliwatazama kuanzia viatu kwenda juu, lakini binti alikuwa na shoga yake ndani, wakapita. Huko mchanga ulikuwa mweupe umechanwa kwa reki, na vitanda vya kulalia vina magodoro. Timazi hakukosa la kusifu, akaenda kuushika ukuta wa hoteli kwa kiganja, akasema aliyeujenga ana adabu zake. Mkewe alijilaza kwenye kitanda kama mgonjwa anayesubiri daktari. Nyuma yake alisimama mhudumu, mama wa makamo, na taulo mkononi. Mama Jikoni akijigeuza, taulo linakuja. Akikohoa, maji yanakuja.

Hakudumu hapo. "Pazuri kweli kweli," alimwambia binti walipokuwa wanatoka. "Lakini yule mwenzangu amesimama muda wote. Najua miguu yake inavyowaka jioni. Nitapumzikaje juu ya miguu ya mtu?"

Wa tatu uko pale mto unapoingia baharini, na huko ndiko Timazi alikopagawa. Mchanga ulikuwa wa chenga chenga, mzito, na alipoufinya na kuuachia uliporomoka wote, kiganja kikabaki kisafi.

"Huu ndio mchanga! Njooni mwone! Una chumvi kidogo, lakini ukiuosha..." Akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Akasogea mbele, akachota kwingine, akaenda zaidi, akachota tena. Alipoupata ule mzuri kuliko wote alijaza mfuko wa koti. Akarudi uso umemng'aa, akamkuta mkewe amesimama pale pale alipomwacha, amejifunika mtandio hadi puani, maana ufukwe ule hauna kivuli wala pa kukaa, na upepo ulikuwa unawachapa watu kwa ule ule mchanga mzuri.

"Umemaliza kazi?" mkewe aliuliza.

Roho ilimsinyaa Timazi. Fukwe tatu wamezunguka, na hakuna hata mmoja ambao angeweza kukwambia mkewe alikaaje.

Wa nne wenye mji hawauhesabu. Waliukuta kwa bahati, wakirudi nyumbani kwa njia ya mkato inayopita nyuma ya kiwanda cha barafu. Kipande kidogo cha mchanga wa kijivu, magamba ya kombe, mwani unaonuka kidogo. Kulikuwa na ukuta mfupi wa mawe, masalia ya uwanja wa zamani, umetazama bahari. Kwa miaka ulikuwa ukiinama kurudi nyuma taratibu, ukakomea hapo.

"Hapo hamna kitu, mama," binti alisema.

"Sawa sawa," mama yake akajibu, na akaingia.

Alivua viatu. Akatandika mtandio, akakaa mchangani, akajirudisha nyuma kwa tahadhari kama mtu asiyezoea kuegemea, na ukuta ukampokea. Kiuno, mgongo, mabega, mwisho kichwa. Alishusha pumzi ndefu. Hakuna aliyekuja na maji wala taulo. Muda si muda alikuwa amesinzia, mdomo wazi kidogo, mikono imefunguka mapajani.

Timazi hakuwahi kumwona mkewe akilala mchana. Alimkodolea macho kama mgeni. Kumbe akilala ana kishimo shavuni. Kumbe mvi zimemwingia hadi nyuma ya sikio, na yeye mume hakuwa na habari. Alimpenda pale kwa namna iliyomtia hofu, maana mapenzi yale yalimjia pamoja na picha ya begi kubwa.

Sasa, mtu mwingine angekaa kando yake akatulia. Timazi macho yake yakahamia kwenye ukuta. Alijizuia, akashindwa, akatoa uzi mfukoni na kuuning'iniza. Ukuta ulikuwa umelala nyuma shibiri nzima.

"Masikini," alinong'ona, na hakumaanisha mkewe.

Mama Jikoni alipoamka, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. "Ni hapa," alisema. "Zile tatu nimezipa kisogo. Siku yako ya kuondoka utanileta tena, nikae hapa hapa, ndipo nitakupa jibu."

Alisema siku yako, hakusema siku yetu. Timazi aliisikia vizuri.

Kesho yake mama na binti walikwenda sokoni. Timazi aliagwa akiwa kitandani anajidai amechoka. Walipopotea tu akashika njia ya kiwanda cha barafu. Akilini mwake mambo yalikuwa yamenyooka. Mkewe amepapenda pale. Ukuta wa pale ni mbovu, siku moja utamwangukia. Yeye maisha yake yote hajampa mkewe ukuta. Basi atampa huu. Na hapa ndipo unatamani umshike mkono umwambie, baba, acha. Lakini fundi akishashika mwiko, sikio huziba.

"Ule ukuta ni wa nani?" alimuuliza mlinzi wa kiwanda.

"Hauna mwenyewe, mzee. Walioujenga walishaondoka zamani."

"Nikiutengeneza, kuna atakayelalamika?"

Mlinzi alimtazama. "Si jana mlipopita uliniambia uko likizo?"

"Niko likizo. Una koleo?"

Alilipata koleo na ndoo, akanunua saruji na mwiko dukani, akashinda juani kutwa nzima. Aliubomoa ule ukuta jiwe kwa jiwe, akaujenga upya, akipima kila mstari kwa uzi wake. Alikuwa anaimba. Tuseme ukweli, ulikuwa ukuta mzuri. Ungeweza kuuweka mlangoni pa benki.

Siku ya kuondoka, jua likiwa halijakolea, walikwenda wote watatu. Mama Jikoni aliuona akiwa mbali, akapunguza mwendo.

"Nani kaufanya hivi?"

"Mimi," Timazi alisema, anatabasamu kama bwana harusi. "Ungekuangukia ule. Sasa egemea bila wasiwasi."

Mkewe alitandika mtandio, akakaa, akaegemea. Ukuta ukamsukuma mbele. Alisogea kidogo, ukamsukuma tena. Akakunja kanga akaiweka nyuma ya kiuno, akaitoa. Akakaa upande. Mwisho alisogea mbali kabisa na ule ukuta, akabaki mgongo hewani, vile vile kama kwenye kigoda chake nyumbani. Timazi tabasamu lilikuwa bado liko usoni kwa sababu hakujua alipeleke wapi.

"Baba watoto," mkewe alisema. "Nyumbani nimekungoja ukuta mmoja. Huu usio na mwenyewe umeumaliza kwa siku moja."

"Nimeufanya kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana hata hasira sina. Umeniona nimelala, kitu ambacho hujawahi kukiona, na wewe ukaona ukuta." Akakung'uta mchanga viganjani. "Jibu langu ni hilo. Nabaki kwa binti."

Binti, ambaye machozi yalikuwa yameshamlengalenga, alianza, "Unaona sasa, baba, usipoziba ufa..."

"Nyamaza," mama yake alimkatiza. "Baba yako amesikia."

Alikuwa amesikia. Alisimama, akauzunguka ule ukuta wake mzuri mara moja. Saruji ilikuwa ya jana, bado haijashika sawasawa. Akaokota mwiko aliouacha pale, akachomeka ncha yake chini ya jiwe la juu, akalibandua. Akabandua la pili. Mkewe na binti walitazamana. Alipofika karibu na chini alitupa mwiko, akapiga magoti mchangani nyuma ya mkewe, akafungua viganja vyake viwili.

"Niegemee."

"Nini tena?"

"Niegemee mimi, mama watoto. Taratibu. Ukifika pazuri niambie."

Alisita, kisha akajirudisha. Mgongo wake ulikutana na viganja vile, vigumu kama mbao, na ulikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia mwenye viganja.

"Hapo?"

"Nyuma kidogo. Kidogo tena. Hapo."

Timazi hakusogea, ingawa magoti yalimuuma. Alimwambia binti atoe timazi mfukoni mwake na kuushika uzi usawa wa bega la mama, aiache shaba ishuke hadi mchangani. Nafasi iliyobaki kati ya shaba na kiuno cha mkewe akamwagiza aipime kwa uzi ule ule, afunge fundo. Binti akafunga.

Basi lilikuwa la jioni. Mchana wote ule Timazi aliujenga ukuta kwa mara ya pili, safari hii akiulaza nyuma kwa kipimo cha fundo. Mikono yake ilikataa. Kila jiwe alilolilaza, vidole vilirudi vyenyewe kulinyoosha, akavikemea. Hakuimba. Alipomaliza, ulikuwa umelala vile vile kama mwanzo, pengine vizuri zaidi, na mkewe angekuwa na pa kukaa baada ya yeye kuondoka. Alijua anamjengea mahali pa kumsahau, na akaujenga vizuri.

Stendi waliagana kwa maneno machache. "Ufike salama," mkewe alisema. Timazi alitaka kuahidi jambo, akafungua mdomo, akakumbuka kile kicheko, akaufunga.

Nyumbani alianza na sebule. Wateja walikuja kama kawaida, mmoja ukuta umepasuka, mwingine choo kimetitia, na kila mara moyo ulimruka, mkono ukaenda kwenye koti. Akawaambia kesho. Walishangaa, wengine walinuna. Alipandisha plasta kutoka kifuani hadi darini, akalainisha pale pa kuungia hadi pasionekane. Akamaliza chumba cha kulala, akamaliza ukumbi. Kisha akatoka nyuma ya nyumba, akachomoa uzi wenye fundo, akajenga baraza ndogo ya kukaa mtu mmoja, ukuta wake umelala nyuma.

Majirani walipata cha kuwachekesha. "Timazi, uzee huo! Ukuta wako umelala!"

"Uacheni ulale," alijibu.

Kwenye simu na binti hakulitaja. Ahadi zake zote alikuwa ameshazimaliza.

Baada ya mvua kubwa kupita, mkewe alikuja, na mkoba wa mkononi tu. "Nimekuja kusalimia tu," alisema mlangoni, kabla hata hajaulizwa. "Begi langu liko kwa binti."

"Karibu," Timazi alisema.

Aliingia sebuleni, akasimama. Alipitisha kiganja ukutani kuanzia chini, taratibu, hadi pale kifuani, akapita, akaendelea juu hadi mkono ulipokoma. Timazi alimtangulia hadi nyuma ya nyumba. Huko hakukuwa na bahari. Kulikuwa na kamba ya nguo, bustani ya mboga na ua wa jirani. Mkewe aliitazama ile baraza, akamtazama yeye, akavua viatu. Alikaa. Akajirudisha nyuma kwa tahadhari, akingoja kusukumwa. Kiuno, mgongo, mabega, kichwa. Akafumba macho.

Ndipo mlango wa mbele ukagongwa, na sauti ikaita, "Fundi! Fundi Timazi, upo?"

Timazi alimtazama mkewe. Mama Jikoni hakufumbua macho, lakini mabega yalikuwa yameshakakamaa. Timazi akaenda mbele, akasikika akiongea kidogo, akarudi na kukaa chini kwenye udongo, karibu na miguu ya mkewe.

"Nani huyo?" mkewe aliuliza.

"Mtu. Ukuta wake umepasuka, anasema ni haraka."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia kesho."

Mabega ya mkewe yalilegea, mikono ikafunguka mapajani, na kishimo kikajitokeza shavuni, ingawa hakuwa amelala.

"Mpigie binti," alisema mwishowe, macho bado amefumba. "Mwambie anapolifunga lile begi, saa aizungushie blanketi. Isije ikavunjika njiani."

Timazi aliingia ndani mbio kutafuta simu, na kabla ya simu akatafuta msumari.